Paul Renner, Mjerumani aliyechora herufi zilizofika mwezini

Tarehe 20 mwezi wa saba mwaka wa 1969, Wamarekani Neil Armstrong na Edwin Aldrin walitua mwezini. Kwenye mguu wa chombo chao palifungwa kibao cha chuma chenye maneno ya kukumbusha siku hiyo. Kibao hicho kingali huko hadi leo. Maneno yake yameandikwa kwa herufi nyembamba, zilizonyooka, ambazo O yake ni kama duara lililochorwa kwa bikari na A yake ni kama pembetatu. Herufi hizo zinaitwa Futura.

Aliyezichora hakuona siku hiyo. Paul Renner alikuwa amekufa miaka 13 mbele yake, katika kijiji kidogo kusini mwa Ujerumani. Herufi zake zilianza kuuzwa mwaka wa 1927, wakati hata ndege ya abiria ilikuwa bado kitu cha kushangaza. Miaka sita baadaye, watawala wapya wa nchi yake walimkamata na kumfukuza kazini. Moja ya mambo waliyochukia kwake ni namna alivyotaka Wajerumani waandike.

Mtoto wa nyumba ya dini

Paul Renner alizaliwa tarehe 9 mwezi wa nane mwaka wa 1878 huko Wernigerode, mji mdogo chini ya milima ya Harz, ambao wakati ule ulikuwa sehemu ya Prussia. Alilelewa katika familia ya Kiprotestanti yenye masharti makali: kazi kwanza, wajibu kwanza, starehe baadaye. Malezi hayo hayakumtoka. Hata alipokuwa mtu mzima mwenye jina, hakupenda muziki wa jazz, hakupenda dansi, wala sinema haikumvutia. Michoro mingi ya wasanii wa kisasa aliitazama kwa mashaka.

Alisomea uchoraji katika miji ya Berlin, Munich na Karlsruhe, na alitaka kuishi kwa kuuza picha zake. Lakini picha hazikutosha kulisha nyumba. Mwaka wa 1907 akaingia kazini kwa Georg Müller, mchapishaji wa vitabu mjini Munich. Kazi yake ilikuwa kupanga sura ya kitabu: herufi gani zitumike, pambizo iwe na upana gani, jalada liwe namna gani. Hapo ndipo alipogundua kwamba kitabu kizuri hakiletwi na mapambo, kinaletwa na mpango.

Mwaka wa 1910 alijiunga na Deutscher Werkbund, shirika lililokusanya wasanii, mafundi na wenye viwanda waliotaka vitu vinavyotoka viwandani viwe na sura nzuri na vifanye kazi vizuri. Mwaka uliofuata, yeye na mchoraji Emil Preetorius walifungua shule ya uchoraji wa vitabu mjini Munich. Mwaka wa 1922 akatoa kitabu chake Typografie als Kunst, ambamo alieleza kwamba uchapaji ni sanaa yenye kanuni zake.

Mtu huyo basi hakuwa kijana mwenye hasira ya kutaka kubomoa kila kitu. Alikuwa amekaribia miaka 50, mpenda mambo ya kale, mwenye sifa ya kufanya vitabu vyenye utulivu. Ndiye aliyechora herufi zilizoonekana kama zimetoka katika karne isiyofika bado.

Nchi moja, maandishi mawili

Ili kuelewa kwa nini herufi zilileta matata makubwa hivyo, lazima kujua hali ya Ujerumani ya wakati ule. Nchi hiyo ilikuwa na namna mbili za maandishi. Kulikuwa na herufi za Kigothi, zile nyeusi zenye kona nyingi na zilizovunjika-vunjika, ambazo zilitumika katika Biblia, magazeti mengi, riwaya na vitabu vya watoto. Tena kulikuwa na herufi za Kilatini, zile zinazotumika Ufaransa, Italia na Uingereza, ambazo Wajerumani walizitumia zaidi katika vitabu vya sayansi na vya lugha za kigeni. Mtoto alipaswa kujifunza zote mbili.

Kwa Wajerumani wengi, herufi za Kigothi zilikuwa alama ya taifa. Kuziacha kulionekana kama kuacha lugha yenyewe. Mwaka wa 1911 bunge la nchi lilijadili kama herufi za Kilatini zifanywe maandishi rasmi, na jambo hilo likashindwa. Kisha ikaja Vita ya Kwanza ya Dunia. Ujerumani ikashindwa, mfalme akakimbia, na mwaka wa 1923 pesa ikapoteza thamani kabisa. Katika nchi yenye jeraha kama hilo, swali la kuandika kwa herufi gani liligeuka kuwa swali la sisi ni nani.

Renner alizijua herufi zote mbili na alizitumia zote. Lakini aliona kwamba viwanda, treni, simu na nyumba mpya za saruji vinahitaji maandishi ya wakati wao. Herufi za Kigothi zilizaliwa na kalamu ya mtawa aliyenakili kitabu kwa mkono. Mashini haina kalamu wala mkono, kwa hiyo aliona hakuna sababu ya kuiigiza kalamu.

Duara, pembetatu na mraba

Katika mwaka wa 1924, mchapishaji Jakob Hegner alimtembelea Renner na kumwambia kwamba anatamani herufi mpya za wakati huu. Renner alianza kuchora mara moja. Michoro hiyo ikafika kwa kiwanda cha Bauer cha Frankfurt, kampuni iliyoanzishwa mwaka wa 1837 na iliyotengeneza herufi za risasi kwa wachapaji. Mwenye kiwanda, Georg Hartmann, akakubali kuijaribu kazi hiyo.

Renner alianza na umbo rahisi kabisa: duara, pembetatu na mraba. Alitoa vimkia vyote mwishoni mwa mistari. Alifuta tofauti ya mstari mnene na mstari mwembamba. Katika michoro ya kwanza alikwenda mbali sana: r ilikuwa kijiti na nukta pembeni, n na m zilikuwa na kona za mraba, na g haikufanana na g yoyote ambayo watu waliizoea. Zilikuwa herufi za kuvutia, lakini msomaji angesimama kila baada ya neno moja kujiuliza anasoma nini.

Hapo ndipo ilipoonekana kazi ya kweli. Kwa miaka karibu mitatu, Renner na mafundi wa Bauer walirekebisha herufi moja baada ya nyingine. Umbo la ajabu liliondolewa kidogo kidogo, hadi yakabaki yale ambayo jicho linayakubali. Herufi kubwa zilipewa vipimo vya maandishi ya Warumi wa kale yaliyochongwa kwenye mawe: E na S ni nyembamba, O na G ni pana. Ndiyo maana Futura, pamoja na upya wake wote, ina kitu fulani cha kale ndani yake.

Tena kuna siri ambayo wengi hawaioni. Ukitazama Futura unafikiri imechorwa kwa bikari na rula tu. Sivyo. O si duara kamili. Unene wa mstari si sawa kila mahali: pale ambapo tumbo la b au d linapokutana na kijiti, mstari unapunguzwa, la sivyo wino ungejaa na kufanya doa. Jicho la mtu lina udanganyifu wake. Duara kamili linaonekana kama limekosewa, na mstari wa kulala unaonekana mnene kuliko wa kusimama hata kama vipimo ni vilevile. Renner alirekebisha yote hayo kwa mkono ili herufi zionekane kama hazikuguswa na mkono. Na kila ukubwa wa herufi ulihitaji kuchongwa peke yake katika chuma, kisha kumiminwa katika risasi.

Futura ilianza kuuzwa mwaka wa 1927 kwa unene wa aina tatu: nyembamba, ya kati na nene. Ile nyembamba ndiyo iliyoshangaza watu zaidi. Ilikuwa kama waya uliopindwa. Haikuwa peke yake sokoni: Jakob Erbar alikuwa ametoa herufi zake mwaka mmoja mbele, na Rudolf Koch akatoa Kabel mwaka uleule wa 1927. Katika shule ya Bauhaus pia, Herbert Bayer alikuwa akijaribu alfabeti ya maduara. Watu wengi hufikiri Renner alikuwa mtu wa Bauhaus, lakini hakufundisha wala kusoma pale. Aliwashinda wote kwa sababu herufi zake zilisomeka.

Shule ya Munich

Kwa muda mfupi Renner alifundisha Frankfurt, mji ambao wakati ule ulikuwa ukijenga mitaa mipya ya wafanyakazi chini ya mhandisi wa majengo Ernst May. Mwaka wa 1926 alirudi Munich kuongoza shule ya ufundi wa uchapaji, na mwaka wa 1927 akawa mkuu wa shule mpya ya kufundisha mabingwa wa uchapaji wa Ujerumani nzima. Alimwita Jan Tschichold, kijana mwenye kipaji na maneno makali, aje kufundisha naye.

Wawili hao hawakufanana. Tschichold alitaka mapinduzi katika uchapaji. Renner alitaka marekebisho yenye adabu. Lakini mkubwa huyo alimlinda mdogo wake, na shule yao ikapata sifa nje ya mipaka ya nchi. Vijana walifunzwa kupanga karatasi ya biashara, kitabu na tangazo kwa akili safi: ondoa kisichohitajika, acha nafasi nyeupe ifanye kazi yake.

Kijitabu cha mwaka wa 1932

Wakati huo chama cha Nazi kilikuwa kikipanda. Kwa wafuasi wake, paa la nyumba lisilo na mteremko, kiti cha mabomba ya chuma na herufi zisizo na vimkia vyote vilikuwa ugonjwa mmoja. Walivipa jina la kutisha: Ubolsheviki wa utamaduni. Kila kitu kipya kilisemwa kimeletwa na wakomunisti na Wayahudi ili kuharibu taifa.

Wengi walinyamaza. Renner, mtu mpole wa malezi ya kanisa, aliandika kijitabu na kukipa jina hilohilo lililotumiwa na Wanazi, akaongeza alama ya kuuliza: Kulturbolschewismus? Alionyesha kwamba shtaka hilo halina maana, na alishambulia chuki dhidi ya Wayahudi waziwazi. Kilichapwa mwaka wa 1932 huko Zurich, Uswisi, na mchapishaji Eugen Rentsch, kwa kuwa nchini Ujerumani wachapishaji waliogopa.

Alijua anachofanya. Alikuwa mkuu wa shule ya serikali katika mji uleule ambako chama cha Nazi kilizaliwa.

Kukamatwa na kufukuzwa

Hitler akawa kansela mwisho wa mwezi wa kwanza mwaka wa 1933. Mwezi wa tatu Wanazi walichukua madaraka Bavaria, na baada ya siku chache wakamkamata Tschichold. Renner hakujificha, alilalamika kwa wakubwa kwa ajili ya mwalimu wake. Tarehe 4 mwezi wa nne, ikawa zamu yake. Alikamatwa, lakini hakukaa sana kifungoni, kwa sababu ndugu wa familia walifikisha ombi kwa Rudolf Hess, mmoja wa watu wa karibu na Hitler.

Aliachiliwa, lakini kazi ilikwisha. Alisimamishwa, kisha akaondolewa kabisa. Mwaka huohuo wa 1933, sehemu ya Ujerumani katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Milan nchini Italia, ambayo yeye aliipanga, ilishutumiwa nyumbani kwamba ina herufi chache mno za Kigothi. Tschichold alikimbilia Uswisi. Renner alibaki. Akiwa na miaka 55, bila shule na bila wanafunzi, alihamia Hödingen, kijiji kilicho juu ya Ziwa Constance, akarudia picha zake za rangi.

Hakuwa shujaa wa bunduki, wala baada ya hapo hakuongoza upinzani wowote. Alichora, aliandika, aliendelea kubuni herufi. Mwaka wa 1939 ilitoka Renner Antiqua, herufi za vitabu zenye sura ya kale, ambazo ni watu wachache wanaozikumbuka.

Wanazi wageuka

Kisha likatokea jambo ambalo hakuna aliyelitazamia. Tarehe 3 mwezi wa kwanza mwaka wa 1941, Martin Bormann, kwa jina la Hitler, alitoa amri kwamba herufi za Kigothi ziachwe. Amri ilidai kwamba herufi hizo, ambazo chama kilikuwa kimezisifu kama damu ya taifa, kumbe zilitoka kwa Wayahudi. Tangu siku hiyo magazeti na vitabu vya shule vilitakiwa kutumia herufi za Kilatini.

Madai hayo hayakuwa na ukweli wa historia. Sababu iliyoonekana ilikuwa nyingine: Ujerumani ilikuwa imeteka nchi nyingi za Ulaya, na watu wa nchi hizo hawakuweza kusoma matangazo na amri zilizoandikwa kwa herufi za Kigothi. Serikali iliyomfukuza Renner, mtu wa herufi za Kilatini, iliishia kuamuru herufi za Kilatini nchi nzima. Hakuna aliyemwita arudi kazini, wala hakuombwa msamaha.

Futura yenyewe haikupata kupigwa marufuku. Iliendelea kuuzwa muda wote huo, maana iliingiza pesa za kigeni. Kiwanda cha Bauer kilikuwa na ofisi New York tangu mwaka wa 1927, na Wamarekani waliipenda hivi kwamba viwanda vyao vilianza kuiigiza: Twentieth Century ya mwaka wa 1937 na Spartan ya mwaka wa 1939 ni watoto wake wa nje ya ndoa.

Miaka ya mwisho

Baada ya vita, Renner alikuwa mzee, lakini kalamu haikupumzika. Aliandika juu ya vitabu vya kisasa, na mwaka wa 1947 juu ya mpango wa rangi na namna zinavyopatana. Alishauri wachapaji wasigeuze uchapaji kuwa vita ya dini kati ya wapya na wa zamani. Alikuwa ameona vita ya namna hiyo inaishia wapi. Alikufa tarehe 25 mwezi wa nne mwaka wa 1956, huko Hödingen, akiwa na miaka 77.

Herufi zilizobaki

Miaka mitatu tu baada ya kifo chake, shirika la matangazo la Doyle Dane Bernbach la New York lilianza kutangaza gari dogo la Volkswagen kwa picha moja, nafasi nyeupe kubwa na maneno machache ya Futura. Kiwanda cha Volkswagen kilianzishwa chini ya utawala wa Nazi. Sasa gari hilo liliuzwa duniani kwa herufi za mtu ambaye utawala huo ulimtupa nje.

Baadaye zilikuja kwenye jina la Louis Vuitton, kwenye karatasi za duka la samani la IKEA hadi mwaka wa 2009, na kwenye sinema za Wes Anderson. Kompyuta nyingi za ofisi zina herufi zinazoitwa Century Gothic. Hizo zimetokana na Twentieth Century, basi ni wajukuu wa Futura. Anayezichagua kwa kadi ya ndoa au kibao cha duka anatumia, bila kujua, wazo la Paul Renner.

Wanaofanya kazi ya uchapaji wanajua pia mipaka yake. Futura nyembamba ni nzuri katika kichwa cha habari, jalada au bango, mahali palipo na nafasi ya kupumua. Ukiiandika kwa udogo katika ukurasa mzima, jicho linachoka, kwa sababu o, a, b, d na p zote zimejengwa kwa duara lilelile na zinaanza kufanana. Kwenye karatasi duni au wino hafifu, mistari yake inapotea. Inataka ukubwa na uwazi.

Huko mwezini haina shida hiyo. Hakuna mvua wala kutu. Herufi za mtoto wa Wernigerode, ambaye hakupenda jazz na hakuwaogopa Wanazi, zimekaa pale tangu mwaka wa 1969.